Kabla hujaandika haloperido kwa mzee wa Parkinson

Jana usiku naitwa wodini, nafika nakuta intani ameshaandika haloperido, dawa ya kutuliza wanaoona au kusikia visivyokuwepo, kwa mzee wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, eti kwa sababu "anaona watu". Asante kwa sista aliyegoma kuichoma mpaka nifike. Sikufoka sana, maana kosa hilo hilo nilishalifanya mimi, tena vibaya zaidi. Kaeni hapa niwaambie.

1. "Anajua tarehe, anamjua rais, akili iko sawa." Jamani wadogo zangu, hii mtaiacha lini? Akili ya Parkinson mara nyingi haianzi kuyumba kwenye kumbukumbu kama ya Alzheimer. Kinachoyumba ni kupanga jambo, kufanya mawili kwa pamoja, kukadiria umbo na nafasi, na spidi ya kufikiri. Jibu analo ila linachelewa, na wewe umeshamjibia. Mwambie achore saa, mishale isome saa tano na dakika kumi. Kama hakusoma, panga njiti nne za kiberiti apange kama zako, ndo maana IDEA, kipimo cha akili kwa wazee kilichotengenezwa kule Hai, Kilimanjaro kina njiti. Hata James Parkinson mwenyewe, daktari ambaye ugonjwa umepewa jina lake, mwaka 1817 aliandika kwamba akili haiguswi, kwa hiyo mna mwenzenu. Ila watafiti wa Sydney walipofuatilia wagonjwa wao miaka 20, kati ya waliokuwa bado hai asilimia 83 walikuwa na dimenshia, yaani akili imepungua mpaka shughuli za kila siku zinamshinda.

2. Muulize anayeishi naye. Na akishakujibu, msikilize, maana hapa ndo nilipoharibu.

Nilikuwa nimemaliza intani juzi tu, najiona daktari kwelikweli. Mzee mmoja fundi cherehani, Parkinson miaka saba, kliniki imejaa, mafaili yamenifika kidevuni. Mkewe akaniambia, "Daktari, mwenzangu siku hizi anatandaza kitambaa, anashika mkasi, halafu anakaa anakiangalia. Kanzu alikuwa anakata kwa macho tu, sasa hajui aanzie wapi." Mimi nikasikia "mkono unatetemeka", sijui masikio yalikuwa wapi, nikampandishia benzeksoli, dawa ya kutuliza mtetemeko, nikaita anayefuata. Benzeksoli inazuia asetilkolini, kemikali ambayo ubongo unaitumia kufikiri na kukumbuka, na kwenye ubongo wa yule mzee ilikuwa imeshapungua, kidogo kilichobaki ndicho nilichokwenda kukizima. Baada ya wiki tatu wanarudi, mzee anaona watoto wamekaa kwenye kochi, wala hawaogopi, anamsumbua mkewe awapikie uji. Nyumbani walishaita shehe asome dua. Mimi nikawacheka moyoni, mambo ya majini hayo, nikaandika haloperido kwa mwandiko mzuri kabisa na benzeksoli nikaiacha palepale. Siku ya nne analetwa na bajaji, mgumu kama gogo, mate yanachuruzika, hamezi hata levodopa yake, dawa ya kumrudishia dopamini, kemikali ya ubongo inayoendesha mwili. Dawa inayoziba dopamini, kwa mtu ambaye ugonjwa wake ndo kukosa dopamini! Na swali hilo kwenye mtihani nilipata.

Bosi akasoma faili lote kimya, akauliza kitu kimoja tu: "Kabla ya hao watoto kuja, wewe ulifanya nini?"

Tukasimamisha zote mbili, levodopa ikapita kwenye mpira wa puani, ikachukua zaidi ya wiki mbili. Watoto wakaondoka. Mkasi hakuushika tena. Ilinichukua mwaka mzima kumwambia yule mama kwamba ni dawa zangu, akaniangalia akasema, "Lakini mwanangu, mimi si nilikwambia habari ya mkasi?" Bado ananiletea maandazi kliniki, na sijawahi kuyala bila kumkumbuka.

3. Akichanganyikiwa ghafla ni deliriamu, yaani akili kuvurugwa na kitu kingine mwilini, mpaka uthibitishe vinginevyo. Tafuta chanzo: maambukizi ya mkojo, malaria, nimonia, choo kigumu, dawa mpya. Akitapika usimpe metoklopramaidi, nayo inaziba dopamini kama ndugu yake haloperido.

4. Punguza kabla ya kuongeza. Ondoa benzeksoli kwanza, shusha taratibu ukiweza, kisha amitriptilini, nayo inazuia asetilkolini. Levodopa usiikate ghafla hata siku moja. Ukilazimika kabisa kumpa dawa ya kuondoa hayo anayoyaona, kwetiapini dozi ndogo. Rivastigmini, dawa ya dimenshia inayolinda asetilkolini, inasaidia kiasi, tatizo mfuko wa ndugu.

5. Dimenshia ya Lewy bodi, ndugu yake wa karibu, au dimenshia ya Parkinson? Kama akili ilitangulia, au ilifuata ndani ya mwaka mmoja wa dalili za mwili, ni Lewy bodi. Bishaneni kwenye raundi mkitaka, haloperido ni mwiko kote kuwili.

Halafu yule mzee wa jana. Nilimuuliza binti yake, akasema alianza kuona watu usiku ule ule alipopewa kidonge cha kuwashwa. Nimefungua chati: promethazini, nayo inazuia asetilkolini kama benzeksoli yangu, saa mbili usiku. Mwandiko naujua. Mdogo wangu usijifiche, nimeshaifuta, saa nane njoo na karatasi tukamchoreshe saa.