Muziki wa asili wa Wamalay haujabaki kwa wazee tu

Je, muziki wa asili wa Wamalay umebaki kwa wazee tu? Hapana, vijana wapo, ila si kwa kila aina ya muziki. Dikir barat, uimbaji wa kikundi wa Kelantan, jimbo la Malaysia, ndiyo iliyo hai zaidi. Huko na Singapore wanafunzi wanaunda vikundi na kushindana, kwa sababu haidai gharama kubwa: matari ya rebana, upatu, na waitikiaji walioketi wakipiga makofi. Utamu wenyewe uko kwa tukang karut, anayetunga mashairi papo hapo. Anaweza kuimba habari za jana. Zapin, muziki wa kucheza, nayo ilipata nguvu miaka ya 1990 ilipochanganywa na pop. (Gambus, ala ya nyuzi ya zapin, ina asili ya Yemen, ndugu wa gabusi ya Komoro.)

Makyong, mchezo wa kuigiza wenye nyimbo na ngoma, ni kesi nyingine. Serikali ya jimbo la Kelantan iliipiga marufuku 1991 hadi 2019, na UNESCO kuitambua 2005 hakukuondoa marufuku hiyo. Chuo cha sanaa cha ASWARA, Kuala Lumpur, kinaifundisha, lakini darasani si sawa na kurithi kijijini kwa mzee.