Samaki Wale Walikuwa na Mwenyewe

Barua za wasomaji kuhusu biashara na teknolojia. Anayejibu ni mama mwenye duka la jumla Ngamiani, Tanga, ambaye pia ana programu ya daftari la mali kauli, yaani bidhaa zinazochukuliwa kwa deni.

*Shikamoo mama. Nina miaka 26, natokea Muheza. Mwaka jana baba aliuza machungwa ya miti 40 yakiwa bado maua. Msimu ulipofika dalali akayapeleka Dar es Salaam na kuyauza kwa bei ambayo baba akiisikia mpaka leo anashika kiuno. Nataka kutengeneza programu ya simu ya kumkutanisha mkulima na mnunuzi, dalali akae pembeni. Lengo langu ni wakulima 1,000 mwaka wa kwanza. Fundi anataka milioni 3. Nimlipe?*

Marahaba mwanangu. Usimlipe. Bado.

Mwaka 2016 na mimi nilikuwa na wazo kama lako, ila langu lilinuka shombo. Nilikuwa nashuka Deep Sea, soko letu la samaki, alfajiri, namwona nahodha anashusha changu na kolekole, wanakwenda kwa bei ya kutupa, halafu saa nne mama ntilie wa Chumbageni anamnunua samaki yule yule kwa karibu mara mbili. Nikajiambia, hapa kinachokosekana ni taarifa. Nikamlipa kijana mmoja milioni 4, akanitengenezea mfumo wa ujumbe mfupi, maana wavuvi wengi walikuwa na vitochi tu. Nahodha akiwa bado majini anapata bei tatu za wanunuzi watatu, achague mwenyewe. Nilijiona nimemaliza kila kitu. Nilichapisha hadi fulana.

Wiki mbili bei zikaenda, samaki hawakuja. Nikamfuata nahodha mmoja, mtu mzima, nikamuuliza kwa nini kila siku anampa yule yule mwenye bei ndogo. Akaendelea kukunja kamba. Akasema, "Bibie, samaki hawa wana mwenyewe tangu jana."

Tajiri ndiye aliyetoa nyavu. Mafuta ya mashine ni yake, barafu ni yake, na mtoto wa nahodha alipolazwa, aliyetoa hela saa nane za usiku ni tajiri. Malipo ya yote hayo ni samaki, na bei anapanga yeye. Mimi nilikuwa nampelekea bei mtu ambaye hana cha kuuza.

Sasa rudi kwa baba yako. Usimuulize habari za bei. Muulize ile hela ya maua aliifanyia nini. Sitashangaa ukisikia ada, au palizi, au msiba. Dalali wako hakununua machungwa tu. Alikopesha. Akabeba hatari ya jua na nzi wa matunda, akatafuta lori, akalipa wachumaji, akalipa ushuru njiani. Simsifu, riba aliyoificha kwenye ile bei ni nene. Lakini atakaa pembeni siku ile tu utakapoweza kuweka hela mkononi mwa baba yako mwezi ule ule anaoiweka yeye. Kioo cha simu chenye bei nzuri ya Dar es Salaam hakilipi ada ya mwezi wa kwanza.

Hata wakubwa walijifunza kwa kuangalia watu wanafanya nini. M-Pesa ilijaribiwa Kenya mwaka 2005, Nairobi na Thika, ikiwa njia ya watu kurejesha mikopo midogo. Waliopewa simu wakaanza kutumiana hela wao kwa wao. Wenye mradi hawakuwakataza, wakageuza tanga. Mwaka 2007 ikatoka kama huduma ya kutuma pesa, na mwaka uliofuata ikavuka mpaka kuja kwetu.

Kwa hiyo msimu huu chukua daftari la shilingi elfu mbili na wakulima 10. Andika nani kauza lini, yakiwa maua au yameiva, hela ilikuwa ya nini, lori la nani, gunia ngapi zilioza. Halafu tafuta mnunuzi mmoja, mwenye vibanda vya juisi au hoteli, aliye tayari kutanguliza robo ya malipo. Kundi la WhatsApp latosha. Ukimkosa huyo mmoja, umeokoa milioni 3.

Na usiidharau kumi. Mkonge uliotawala mkoa huu, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikafika hai 62, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. (Mkonge huo ulikuzwa kwa jasho la nani, hayo ni ya safu nyingine.)

Utaniuliza mfumo wangu uliishia wapi. Bei zilikufa. Kikapona kipande kimoja ambacho fundi alikiweka kama nyongeza, ule ujumbe wa kukumbusha deni. Mwenye duka jirani akauomba, awakumbushe wateja aliowapa mali kauli bila kugombana nao. Leo maduka 31 yanautumia, kila moja linanilipa 10,000 kwa mwezi. Sijawahi kualikwa kwenye makongamano ya kampuni changa, yale ya kuvaa kitambulisho shingoni. Lakini LUKU nanunua.

*Dada yangu, nauza vitumbua Makorora. Nilikopa 100,000 kwenye programu ya simu, nikapokea 70,000, nirudishe 110,000 ndani ya siku saba. Nimechelewa. Wametuma ujumbe kwa shemeji yangu, kwa fundi cherehani, hadi kwa ustadhi wa madrasa kwamba mimi tapeli. Nikope pengine niwalipe hawa?*

Pole sana mdogo wangu. Usikope pengine, utakuwa na wawili wa kukutukana.

Ulipoipakua ile programu ilikuomba ruhusa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu, ukabonyeza kukubali kama tunavyobonyeza wote. Ingia kwenye mipangilio uiondoe ruhusa hiyo, ingawa walichokwisha kuchukua wanacho. Kisha angalia kama wana leseni. Mkopeshaji wa mtandaoni anatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu, na Novemba 2024 benki hiyo ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Kutawanya habari zako kwa watu ni jambo lenye sheria yake, ya mwaka 2022, na iko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko. Piga picha kila ujumbe, omba shemeji na fundi wakurushie waliyotumiwa, uwe na ushahidi. Ile 70,000 uliyoipokea ni deni, usijidanganye. Ilipe kidogo kidogo kwa njia inayoacha kumbukumbu.

Ukipata nafasi, jiunge na wenzako mtengeneze kikundi na muulizie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Wanawake asilimia 4, vijana asilimia 4, watu wenye ulemavu asilimia 2, na haina riba. Foleni ipo, na karatasi zipo nyingi.

Hao waliokutangaza nao hujiita kampuni changa za teknolojia. Tajiri wa Deep Sea ana roho ngumu, lakini hajawahi kumwandikia ustadhi wa mtu.

*Habari za kazi bi mkubwa. Nina duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi ya Kange. Siku hizi vijana wanaandikiwa barua za kazi na akili mnemba kwenye simu. Nifunge?*

Salama. Usifunge. Mimi mwenyewe huitumia kuandika barua, kisha naisoma mara mbili, maana iliwahi kunitungia kifungu cha sheria kisichokuwepo, kwa lugha safi kabisa. Wateja wako hawakufuati kwa ajili ya maneno tu. Wanakuja kwa sababu mambo ya kujaza fomu umeyazoea miaka mingi: TIN, kusajili jina la biashara BRELA, picha ya ukubwa gani, nenosiri limesahaulika. Bandika ukutani orodha ya kazi hizo na bei zake, kwa herufi za kusomeka kutoka ndani ya daladala.

Ila badilisha wino wa mashine. Kopi uliyonitumia ina mistari miwili meusi katikati, jina lako nimelibahatisha.