Vuli hatuna, tuna msimu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Vuli inabadilisha vipi siku zako, nyumba yako na kazi yako?" Nimecheka kidogo. Vuli ni ya Tanga na Dar es Salaam. Sisi wa Mtwara mvua yetu ni moja tu, inaanza Novemba au Desemba hadi Aprili hivi. Oktoba wenzetu wakiitazamia mvua, mimi hapa Newala naiombea ichelewe, maana korosho ziko chini. Tuna msimu. Ukisema "msimu" huku, hakuna anayekuuliza wa nini.

Mimi natunga hadithi fupi. Hazinilishi, kinachotulisha ni mikorosho. Kwa hiyo msimu ukianza, alfajiri tuko shambani: mimi, mume wangu, mama mkwe, na Jumamosi watoto pia. Korosho haichumwi, unaisubiri idondoke yenyewe na bibo, lile tunda lake, uokote, uizungushe itoke safi. Ikibaki na nyama ya bibo inaharibika, na daraja linashuka. Jioni vidole vinanuka uchachu, na doa la bibo likishaingia kwenye khanga, isahau.

Kuandika kunapata nafasi wapi? Kwenye vipande. Kaunta buku langu nalibeba hadi shambani, ndani ya ndoo, juu ya viporo. Msimu uliopita mume wangu alikosa karatasi ya kuandikia kilo za vibarua, akachukua lile lile. Mpaka leo ukurasa mmoja unasomeka hivi: mwanamke amesimama mlangoni, anataka kumwambia mumewe kwamba anaondoka, halafu "kilo 18, kilo 22, kilo 9 mtoto anaumwa", halafu mwanamke anaendelea kusema. Nilikasirika. Siku mbili chai yake niliiweka mezani bila neno. Siku ya tatu nikaurudia ule ukurasa, nikaona "kilo 9 mtoto anaumwa" imesema kuliko aya yangu nzima. Mwanamke wa hadithi sasa ana mtoto mgonjwa, na bado hajaondoka.

Mhakiki wangu ni mama mkwe, ambaye hajui kusoma. Usiku tunachambua, mimi namsomea kwa taa, yeye anaitikisa korosho sikioni, ikilia, imekauka. Niliwahi kuandika kijana anamwambia mjomba wake, "Sitaki." Mkono wa mama mkwe ukasimama hewani.

"Mwanangu, mjomba haambiwi hivyo."

"Anaambiwaje, mama?"

"Anaambiwa, 'Nimesikia, mjomba.' Halafu mtu haendi."

Nimefuta pale pale. Semina za uandishi nimehudhuria mbili, na sikupata humo kitu kama hicho.

Nilianza kutunga kwa dhati msimu wa 2018, ule ambao serikali ilitangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na magari ya jeshi yakaja kuzibeba. Watu walishinda vibarazani wakizungumza, nami nikagundua kwamba kusubiri fedha ya korosho ndiyo likizo pekee ya mwandishi wa huku. Tangu mfumo wa kuuza kwa stakabadhi ghalani uanze 2007, mzigo unapimwa chama cha msingi cha ushirika, unapelekwa ghala kuu, unanadiwa, ndipo akaunti inaguswa. Hapo katikati mikono haina kazi na kichwa kimejaa sauti za watu. Miezi mingine, mkinipa hata wiki nzima ya kukaa kimya, naishia kunakili tu niliyoyaokota msimu.

Watoto hawajaona ajabu yoyote. Mdogo aliulizwa shuleni mama yake anafanya kazi gani, akajibu, "Anaandika kilo."

Haya nayaandika nikiwa nimekalia gunia letu, kwenye foleni ya mizani. Mbele yetu walikuwa saba, wamebaki wawili, na mume wangu ameshaanza kuniangalia kwa sababu kalamu ni moja.