Kipimo cha unyevu wa udongo kinasoma "kavu" na tuta limelowa

Mkuu, kwa mchicha kwenye mchanga wa Kigamboni, usikimbilie kununua kipimo kingine. Mara nyingi tatizo ni hewa iliyobaki kati ya kipimo na udongo. Kichomoe, koroga udongo uleule na maji uwe uji mzito, mimina kwenye shimo ulilokichomoa, kisha kichomeke kwa kina cha sentimita 10 hadi 15, kiganja kimoja kutoka kwenye tundu la dripu (bomba la matone). Namba za siku ya kwanza zipuuze.

Asilimia za unyevu zilizowekwa kwenye kipimo kiwandani nazo achana nazo: lowesha tuta kabisa, acha lichuje usiku kucha, soma asubuhi. Hapo ndipo mchanga wako umeshiba. Ukimwagilia kupita hapo unazamisha mbolea tu.

Na kama kipimo chako ni kile cha vyuma viwili vilivyo wazi, maji ya kisima cha chumvi yatakila, tena yatakudanganya kuwa kuna unyevu.