Mwanangu yuko kwenye methadoni, mbona arosto imerudi?

*Mwanangu, salaam. Mimi ni mama wa miaka 58, naishi Temeke. Kijana wangu alikula unga, hiyo heroini, miaka tisa, ameuza mpaka mtungi wa gesi na vitenge vyangu. Mwaka juzi akaanza methadoni, ile dawa ya kliniki wanayopewa badala ya unga, akatulia kabisa, akapata na kibarua cha kuosha magari. Sasa mwezi uliopita kapimwa kakutwa na TB, kaanza dozi, na wiki ya pili tu nikaanza kumuona anapiga miayo, makamasi, jasho, usiku halali. Baba yake anasema karudi kwenye unga, na hiyo methadoni yenyewe ni unga wa serikali, aache vyote au ahame nyumba. Kijana anaapa hajagusa. Nimuamini nani?*

Mama, shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikifika hapo kwenye TB nasimama, maana nadhani shida iko hapo. Kwenye vidonge vya TB kuna dawa inaitwa rifampisini, ndo hiyo inayofanya mkojo uwe rangi ya chungwa, sasa hiyo inalifanya ini liivunje methadoni haraka kuliko kawaida, kwa hiyo kikombe alichokunywa asubuhi ambacho zamani kilikuwa kinamfikisha mpaka kesho yake, sahivi usiku kimeshaisha nguvu, na kikiisha tu inaingia arosto, yaani yale mateso ya mwili kukosa kitu ulichouzoesha. Miayo, makamasi, jasho, usingizi kupotea, vinyweleo kusimama, hiyo ni arosto mama, mi nimeishi nayo. Mtu aliyetoka kuvuta au kujidunga muda huo huo hawi hivyo, ye anasinzia amekaa, anabembea, na mboni za macho zinakuwa ndogo kabisa. Siwezi kukuapia kwamba hajagusa kwa sababu sijamuona, ila ulichoniandikia kinafanana zaidi na mtu ambaye dozi yake haimtoshi tena, na mtu wa hivyo akiachwa aendelee kuteseka ndo atarudi maskani kwa wala unga kweli.

Kesho asubuhi nenda naye kliniki, bebeni kadi ya TB na vidonge vyenyewe, mwambieni nesi tarehe aliyoanza. Wao hili wanalijua, wanampandishia methadoni kidogo kidogo mpaka arosto ikate. Dawa za TB asiziache hata siku moja kwa sababu ya hii shida, tafadhali sana, hilo ni kosa ambalo linaua. Na akimaliza dozi ya TB warudieni tena kliniki muwakumbushe, maana ini likirudi kawaida ile methadoni iliyopandishwa inaweza kuwa nyingi kwake mpaka ikamzidi pumzi, lazima waishushe taratibu. Alaf chunga asijitafutie valiamu za mtaani ili apate usingizi, valiamu na methadoni vikikutana mtu analala moja kwa moja.

Sasa baba. Hayo maneno ya unga wa serikali mi nimeyasikia tangu 2011 Muhimbili walipoanza kutoa methadoni, na naelewa yanatoka wapi, mzee kaibiwa, kaaibika mtaani, kachoka. Lakini mwambie hivi. Unga unakaa mwilini masaa machache, ndo maana teja kutwa nzima anatafuta kete, akipata hii anawaza hela ya nyingine, hana muda wa kuosha gari la mtu. Methadoni inanyweka mara moja kwa siku mbele ya nesi, haina sindano, hailewishi ukishazoea dozi yako, na siku inayobaki ni ya kwako. Huyo kijana alikuwa anaamka anaenda kazini! Mwenye presha anameza kidonge kila siku miaka na miaka na hakuna anayemwita mlevi wa vidonge.

Na kumlazimisha aache ghafla ni hatari, hapa naongea kwa uchungu. Mama yangu alinifungia chumbani siku kumi, kwa mapenzi yake, hakujua lingine. Arosto ya unga inaanza kama masaa nane mpaka kumi na mbili, siku ya pili na ya tatu ndo unaona bora ufe, alaf inapungua. Nikatoka nimekonda, nyumbani wanashangilia nimepona. Jioni ile ile nikapiga kiasi kile kile nilichozoea, mwili ulishasahau, nikaacha kupumua, aliyenikuta ni mshkaji ndo akanikimbiza hospitali. Wenzangu wawili walitoka jela wakafanya hivyo hivyo, wao hawakukutwa mapema.

Kutoka kwenye methadoni kupo, ila ni kwa kushusha polepole, na wengi wanakaa miaka kabla hawajafika huko. Mwanao sahivi ana TB, huu sio wakati wake. Ila usimpe hela mkononi kama bado humuamini, nauli yake ya kliniki mlipe bodaboda mwenyewe, wala usione vibaya. Na mwombe baba aende naye kliniki hata siku moja tu akae na mshauri, wanaume wengine wakisikia kwa mtu mwenye koti jeupe wanalainika.

*Kaka, mi niko Tanga. Nilikaa soba hausi, nyumba ya kuachia unga, miezi minne, nimetoka, wiki iliyopita nikateleza mara moja. Sijamwambia mtu, naona aibu. Ilikuwa mara moja tu.*

Mdogo wangu, umeshamwambia mtu, umeniambia mimi. Sasa mwambie mwingine leo hii, aliye karibu, anayeweza kuja kukugongea mlango, hata yule mlezi wako wa soba hausi, anazipokea hizi habari kila wiki wala hatashangaa. Miezi minne yako haijafutika. Ninachokiogopa ni hiyo siri, kwa sababu mwenye siri akiteleza tena anajifungia peke yake chumbani, na mwili wako sahivi haubebi kile ulichokuwa unabeba zamani. Futa namba ya pusha, siku ya mshahara usirudi kwa njia ya maskani, pitia kwa dada yako ule huko. Alaf niandikie Ijumaa, nitasubiri.