Kabla hujaugusa mmea: kwa wanaoanza kupima harufu shambani

Wadogo zangu, nawapenda, ila wiki hii mmenichosha. Mwenzenu ametoka na PID, ile mashine ya mkononi inayopima mvuke wa kemikali hewani kwa taa ya urujuanimno, kwenye ofisi yenye kiyoyozi, akaiwasha katikati ya mahindi, pale kando ya Ziwa Victoria, na kabla mashine haijatulia akaanza kuandika. "Bosi, namba zinapanda!" Zitaachaje kupanda wakati unyevu umeganda kwenye taa na kitambuzi?

1. Iache mashine izoee joto la nje kwanza. Iwashe kivulini, ivute hewa kupitia chujio la mkaa, usiandike chochote mpaka namba isimame.

2. Kalibresheni ya isobutilini, yaani kuisahihisha mashine kwa gesi hiyo yenye kiwango kinachojulikana, ni ya kila asubuhi, si ya Jumatatu peke yake. Na kumbukeni, PID haijui majina ya kemikali. Taa ya eV 10.6 (ndiyo nguvu ya mwanga wake) inaona pinini na isoprini zinazotoka kwenye mimea, inaona hata pombe ya sanitaiza uliyopaka sasa hivi, halafu inakupa jumla moja. Ukitaka majina, vuta hewa kwenye mrija wa Tenax, chembechembe zinazonasa harufu, ukasome kwenye GC, mashine ya maabara inayotenganisha kemikali moja moja.

3. Manukato na losheni viacheni nyumbani. Dawa ya mbu mtapaka jioni.

4. Mikono. Hapa mnivumilie, nina mengi.

Mhindi ukiliwa na funza wa mabua hutoa harufu inayowaita nyigu wadogo kama Cotesia sesamiae, wanaotaga mayai ndani ya funza huyo. Mnalijua hilo, ndiyo elimu ya vuta-sukuma: mmea wa desmodiamu katikati ya mistari unafukuza nondo wanaozaa funza hao, matete ya Napier pembeni yanawavuta. Sisi tulitaka kuikamata harufu hiyo shambani kwa mashine ya mkononi. Mpango niliuandaa mimi: mihindi nusu tuiwekee funza, nusu tuiache.

Matokeo yakaja mazuri mno. Yenye funza ilisoma juu kabisa, mingine chini, hata takwimu hazikuhitajika. Tukachora grafu, tukawaonyesha wakubwa. Kisha mzee aliyetupa shamba lake, aliyekuwa amekaa akitutazama siku zote hizo, akaniuliza, "Mwalimu, na ile mingine mbona hamkuifungua majani?"

Sikuwa na jibu. Ili funza waingie, tulikuwa tumefunua kwa vidole yale majani machanga yaliyojiviringa katikati ya mmea. Yalikunjika, mengine yakachanika. Mihindi ya kulinganishia hakuna aliyeigusa. Na jani likichanika, ndani ya sekunde chache linamwaga heksenali, ile harufu ya nyasi zilizofyekwa, ikifuatiwa na ndugu zake. PID ilizijumlisha zote. Tuliporudia kwa kufunua majani bila kuweka funza, namba zilipanda karibu vilevile. Tulikuwa tumepima vidole vyetu.

Wakati huo mahindi yalikuwa yameshatoa mbelewele, umri tuliouhitaji umepita na msimu umekwenda. Nilirudi kwa wakubwa kuifuta grafu, kisha nikaenda kwa mzee kumweleza kwamba shamba lake halikutupa jibu. La mzee ndilo lililoniuma zaidi, maana alikuwa ameacha kulima sehemu ile kwa ajili yetu.

Kwa hiyo nikikuta mtu anashika mimea ya funza peke yake, nitamsimamisha kazi siku hiyo, hata awe mpole namna gani. Mmea wa kulinganishia ufunuliwe vilevile, ufungwe mfuko uleule wa kukusanyia harufu, usubiri muda uleule. Ukishafunika, pitisha kwanza hewa iliyochujwa mpaka harufu ya mshtuko ipungue, ndipo usome. Na anayesoma namba ni bora asijue mmea upi una funza.

5. Mfuko mtupu nao ni sampuli. Mifuko tunayofunika mimea ni ya oveni; iokwe kabla ya kwenda shambani, kisha mmoja uvalishwe kijiti kilichochomekwa udongoni, upimwe kama mmea. Mkiona namba kubwa hapo, rudini nyumbani.

6. Msipime yenye funza yote asubuhi na mingine baada ya chakula. Jua, joto na unyevu vinabadili mmea na vinabadili mashine. Pima mmoja wa huku, mmoja wa kule, kwa zamu, na saa iandikwe kwenye kila mstari wa daftari, kwa kalamu ya risasi, maana wino ukilowa umande hausomeki.