Anti, jumuiya wanataka kunisaidia kuuguza, naona aibu

*Shikamoo Anti. Mimi ni mama wa watoto watatu, Mkatoliki, naishi Morogoro. Mume wangu alipata kiharusi mwaka jana. Upande wa kulia wote haufanyi kazi na maneno hayatoki, ila akili anayo na anasikia kila kitu. Asubuhi nauza vitenge sokoni, mchana narudi kumhudumia. Usiku tunamgeuza mimi na binti yangu wa kidato cha pili, na nisipokuwepo yeye ndiye anayembadilisha pampasi. Wanajumuiya, majirani Wakatoliki tunaosali nao, wamekuja mara nyingi, wanasema wapange zamu. Nawajibu tunaendelea vizuri, Mungu anatosha. Mume wangu alikuwa mweka hazina wao, mtu wa kutoa. Alikuwa na pikap, watu walikuwa wanamgongea usiku awapelekee wagonjwa hospitali. Sitaki wamwone alivyo sasa. Na nitawalipa nini? Katekista naye alisema padre aje ampe Mpako wa Wagonjwa, nikakataa, mume wangu hajafikia kufa. Najipa moyo na lile neno, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu," lakini nguvu zinaniishia. Juzi nilimpeleka kwa nabii mmoja, akaniuzia mafuta kwa laki mbili na kusema tuache dawa za presha, eti kuzimeza ni kukosa imani. Nisaidie Anti. — Mama wa Watatu*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa kuuguza.

Naanza na dawa, mengine yote yatasubiri. Mrudishe mumeo kliniki kesho, usingoje wiki ijayo. Waambie wazi kama ameacha dawa na tangu lini, wasikie kutoka kwako, usione haya. Presha inaweza kupanda mtu asisikie chochote, na mtu aliyekwisha kupata kiharusi yuko kwenye hatari kubwa ya kupata kingine. Hao wauguzi hawatakushangaa, habari za manabii wanazipata kila siku. Mafuta uliyonunua yaweke tu kabatini. Laki mbili imekwenda, usiifuate.

Umeliona lakini? Katika mwaka mzima, msaada wa bure umeukataa mlangoni kwako, ukaja kuukubali ule uliolipia. Nadhani najua kwa nini. Ukilipa hudaiwi. Nabii hajui sufuria zako, hajui mumeo alikuwa nani, ukitoka pale mmemalizana. Wanajumuiya hamtamalizana nao, na hilo ndilo linalokutisha. Wala sikuoni kama mtu aliyekosa imani. Nakuona kama mtu aliyezoea kuwa upande wa kutoa, sasa amehamishiwa upande wa pili na hajui aweke wapi mikono yake.

Tuje kwenye huo mstari wako. Ni Wafilipi 4:13, umeandikwa kwenye vioo vya nyuma vya daladala nchi nzima. Mstari wa 14 sijauona hata kwenye bajaji. Fungua Biblia yako uusome leo. Paulo yuko kifungoni, amemaliza tu kusema nayaweza mambo yote, na papo hapo anawaambia Wafilipi kwamba walifanya vema kushiriki dhiki yake. Kisha anakiri kwamba walikuwa wakimtumia mahitaji tangu zamani, mara moja na mara ya pili, na kwamba safari hii amepokea vyote kwa mkono wa Epafrodito, mjumbe wao. Mtu huyohuyo, kalamu hiyohiyo. Hakuwarudishia mzigo eti Mungu anatosha. Kwake yeye Mungu alimtosheleza, na Epafrodito akabisha hodi, na hakuona ugomvi kati ya mambo hayo mawili.

Sasa nikuambie neno ambalo huenda likakuuma. Unasema umeubeba mzigo huu wewe na Mungu. Si kweli. Umeubeba wewe na mtoto wa kidato cha pili. Msichana anaamka usiku kumgeuza baba yake, asubuhi anakwenda darasani na macho mekundu, na mwisho wa mwaka ana mtihani wa taifa. Kisha wewe ukiwa sokoni anambadilisha baba mzazi pampasi. Umefikiria mumeo anajisikiaje? Umesema akili anayo. Unamficha kwa wanaume wenzake aliokaa nao vikao miaka yote, unamfunua kwa binti yake. Ningekuwa mimi ndiye niliyelala pale nisiyeweza kusema, ningelia.

Kwa hiyo usiamue peke yako, muulize. Kaa mbele yake, mtajie wanaume wa jumuiya mmoja mmoja, na mwambie akubane mkono kwa anayemkubali aje kumwogesha. Mkono wa kushoto unafanya kazi. Jina asilolitaka liache, hata kama ni la mwenyekiti mwenyewe. Wakipatikana wawili au watatu wanaotosha zamu, binti yako anatoka kwenye kazi hiyo na harudi tena.

Unauliza utawalipa nini. Mdogo wangu, wale watu mumeo aliowapakia kwenye pikap usiku wa manane wako wapi? Wengine si ndio hao wanaokugongea? Wamekaa na deni la shukrani, na wewe umesimama mlangoni unawazuia kulilipa. Petro naye alikataa kunawishwa miguu, akadhani anamheshimu Bwana, akajibiwa kwamba asipokubali hana sehemu naye. Kupokea ni kazi ngumu, najua, hasa kwa watu wenye nyumba zilizokuwa na uwezo. Maskini wa siku zote wanapokea vizuri kuliko sisi.

Watasema? Watasema. Sitakudanganya, katika kila jumuiya kuna mama mmoja anayeingia jikoni kuhesabu vyombo. Huyo mpe kazi ya nje: aende na binti yako mdogo gengeni, au akushikie meza ya vitenge Jumamosi. Lakini usiwafungie mlango kaya zote kwa sababu yake. Mficha uchi hazai, na wewe umeficha mwaka mzima. Tena jumuiya si kikundi cha kuchangia tegemeza na kusali rozari tu. Maaskofu wa ukanda wetu huu, katika mikutano ya umoja wao, AMECEA, ya 1973 na 1976, walizipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele ili Kanisa liishi pale watu wanapokaa, majirani wakajuana kwa shida na raha. Shida yako ndiyo kazi yao.

Kuhusu Mpako, umechanganya kama wengi wetu tulivyolelewa. Zamani uliitwa mpako wa mwisho, na padre akionekana na mafuta watu walianza kuulizia sanda. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia, ulikwisha kusema kwamba si sakramenti ya wanaokata roho tu. Mtu aliye hatarini kwa ugonjwa au uzee anaupokea, na hali ikizidi kuwa mbaya baadaye anaweza kuupokea tena. Katika waraka wa Yakobo imeandikwa mtu akiwa mgonjwa awaite wazee wa Kanisa. Anayeita ni mgonjwa. Muulize mumeo kama anamtaka padre, akubane mkono hapo pia. Mafuta hayo hayana bei.

Sasa Jumamosi nenda kwenye sala ya jumuiya. Wakifika kwenye matangazo, nyoosha mkono. Usiseme "mtukumbuke katika sala", watakukumbuka katika sala na kwenda kunywa chai. Taja vitu: nataka wanaume wawili wa kumwogesha asubuhi, mtu wa kukaa naye ninapokuwa sokoni, na mwanamume wa kulala hapa siku mbili kwa wiki ili mimi na mtoto tulale. Watu wengi hushindwa kusaidia kwa sababu hawajui washike wapi.

Watakaokuja wafundishe, kwa upole lakini kwa msisitizo. Kama hawezi kujigeuza mwenyewe, ageuzwe kila baada ya saa mbili au kama mtakavyoelekezwa kliniki, na kila anayemgeuza aangalie visigino, nyonga na chini ya kiuno. Ngozi iliyokolea rangi, iliyopata joto au kuwa ngumu ni kidonda kinachoanza, msingoje kifunguke. Wasimvute kwa mkono uliopooza, bega linaumia. Chakula ale ameketi wima, kidogo kidogo, na abaki ameketi kama nusu saa baada ya kula; akikohoa au kupaliwa kila anapomeza, kliniki waambiwe. Wasizungumze juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Wampe habari za jumuiya, za nani hajalipa michango. Mweka hazina atapenda kujua.

Wewe na binti yako laleni usiku wa kwanza wa zamu, vyombo vibaki vichafu. Na nabii akipiga simu kuuliza kama mafuta yameisha, usipokee.